Kikohozi cha Jikoni Kwenye Semina ya Mapafu

Shikamoo Mama,

Baridi ya Karatu inauma, ila nakula vizuri. Mtaalamu mgeni ninayemtafsiria anatafiti dawa ya kuvuta, yenye chembe ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Anasema zitapenya mpaka ndani kabisa ya mapafu yaliyovimba, kama hayo yako.

Jana kwenye semina, mtaalamu akiwa katikati ya maelezo, mpishi wetu Mama Paulina, mwenyeji wa Mbulumbulu, akabanwa na kikohozi huko jikoni. Mtaalamu akaagiza mlango ufungwe, eti anavurugiwa mada. Mada yenyewe ni kikohozi! Mlango ukafungwa, Mama Paulina akabaki na moshi wake wa kuni.

Wakati wa chakula akaniomba nimuulize mgeni dawa itafika lini.

“Labda miaka ishirini,” mgeni akajibu.

“Basi mwambie tukiwa tunasubiri, anaweza kutuwekea bomba la moshi?”

Nikatafsiri. Mtaalamu akasema hilo ni swali zuri sana, akaomba chapati nyingine.

Mama yangu, pikia uani kwanza. Jumamosi nakuja na bati na fundi, tutoboe paa la jiko lako.

Mwanao akupendaye,
Eliya