Ufunguo wa Dharura Upo Salama

Mwenzangu, uko? Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Ile kompyuta ya zahanati ya ng'ambo ya mto, si inaongea na yetu kwa njia ya siri ya mtandaoni, yenye funguo za kidijitali huku na kule? Leo nilikuwa nabadilisha funguo. Nikaingia kwao kupitia njia hiyohiyo, nikafuta ufunguo wa zamani KABLA ya kuweka mpya. Kabla! Na mimi ndiye ninayewafundisha wengine wasithubutu.

Skrini ikaganda. Njia ikajifunga, siwezi tena kuingia kwao.

Nimekata tawi nililokalia, mchana kweupe.

Bosi akapita na kikombe chake. "Ufunguo wa dharura wa kuingilia kule si unao?" Nikamjibu, "Upo salama, mzee." Kwa mdomo wangu huu! Akanipigapiga bega, akaenda zake.

Sasa muuguzi wa kule hakauki kwenye simu. Mama wa watu hana hata hasira: "Mwanangu, mafaili ya wagonjwa yaliyoko huko kwenu hayafunguki. Nina kumi na mmoja kwenye benchi, na dawa zao sizikumbuki zote." Nikamwambia asubiri kidogo. Kidogo! Daraja limekatika tangu juzi. Na kabati la chuma lenye ile kompyuta ya kule nililifunga mwenyewe, funguo zake ziko hapa mezani kwangu.

Upo salama, mzee. Wala sikudanganya, ujue.

Niliuhifadhi ndani ya kompyuta ileile ya kule.

Anapiga tena. Nimwambie nini?