Tundu la Buluu Nyuma ya Ruta

Doha, Alhamisi jioni

Baba mpendwa,

Mulembe sana. Mulembe kwa Mama, kwa ng'ombe, na kwa yule jogoo ambaye nasikia siku hizi anawika saa nane mchana. Magoti yako yanasemaje na mvua hii? Mimi ni mzima. Joto la huku limenikausha kama samaki wa omena, lakini nakula, nalala, na kazini bado wananitaka.

Barua hii ataileta Barasa wa Kimilili, mwenzangu wa chumba, anayekuja likizo. Nimemwambia aifikishe Matulo mkononi mwako, asimpe Mama. Utaona sababu.

Baba, Jumapili ile ya mwisho tulipoonana kwa simu nilikuuliza jambo. Nilikuambia kampuni imenipa karatasi ya kuongeza miaka miwili, nikakuuliza, nitie sahihi au nirudi nyumbani? Nililirudia mara mbili, polepole, wewe ukinisoma midomo. Ukavua miwani. Ukainua mkono. Ukafungua kinywa kunijibu, na papo hapo picha ikakatika.

Tangu hapo zimepita Jumapili nne. Mama ananipigia kwa simu ya kawaida, na nikimwomba aniletee jibu lako anasema umekataa kumpa. "Amesema atakuambia mwenyewe. Mimi si posta, bana." Na simu hiyo ya kawaida haikufai wewe kwa lolote tangu masikio yako yazibe. Nisipokuona na wewe usiponiona, hatuongei. Mtandao wa simu huko kwetu bondeni haubebi hata picha moja, ndiyo maana tuliweka dishi juu ya paa na ruta sebuleni. Mama anasema alikuomba muende Webuye mjini muongee nami kutoka kwenye duka la simu, ukakataa katakata. Kuhusu hilo nitarudi.

Aliyetukata siku ile ni Mama. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kesho yake kwa maombi, na unamjua Mama akisikia wageni, hata ukuta unaoshwa. Alitoa vitambaa vya viti vyote, akafika kwenye ruta, akang'oa kila waya, akaipangusa, akarudisha. Nilipomuuliza alirudishaje alikasirika kweli.

"Wekesa, usiniletee maneno. Waya zote nilirudisha. Zimeingia hapo kwa laini ya manjano, moja, mbili, zimekaa poa kabisa. Hako katundu ka buluu kako peke yake nilikaacha, si ni ka maana? Mimi sikuharibu kitu."

Nilicheka mpaka Barasa akageuka kuniangalia. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kosa hilo hilo nililifanya mimi huku, na lilikaribia kunirudisha kwetu kabla sijamaliza mwezi.

Sikuwahi kukusimulia. Wiki yangu ya tatu, msimamizi wetu, Mhindi mmoja anayeitwa Bwana Rajan, aliniacha peke yangu kwenye kliniki ya meno nifunge ruta. Nyuma ya ruta kulikuwa na matundu manne ya manjano yamepangwa pamoja, na moja la buluu kando. Mimi, mtoto wa nyumba yako, niliona lile la buluu nikaliheshimu. Kwetu kilichotengwa hakiguswi. Vikombe vya maua viko kabatini vinangoja wageni, kiti cha kona kinangoja pasta. Basi nikachomeka waya zangu zote kwenye yale ya manjano, nikaona zimeingia vizuri, nikakunja mikono kama fundi. Kliniki haikupata intaneti asubuhi nzima. Wagonjwa walikaa wameshika mashavu, daktari akimpigia Bwana Rajan kila baada ya dakika chache.

Alipofika aliinama, akatazama, akaniuliza, "Hili la buluu umeliacha tupu kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. "Nilifikiri limewekewa mtu wa maana."

"Limewekewa," akasema. "Limewekewa intaneti yenyewe."

Kisha akanionyesha, bila kupaza sauti, kwamba yale manne ya manjano ni ya vitu vya ndani ya nyumba, kompyuta na televisheni, na moja tu la buluu ndilo linalopokea kinachotoka nje. Ukichomeka cha nje pamoja na vya ndani, ruta inabaki imewaka na taa zake, na simu zinaonyesha zimeshika Wi-Fi, lakini nyumba inaongea yenyewe kwa yenyewe. Akachomoa waya, akaihamisha, na kabla sijamaliza kujilaumu kliniki ilikuwa inafanya kazi. Ofisini hakusema neno. Angeweza kusema, na mimi ningepanda ndege. Kila siku ninapomwona namshukuru kimoyomoyo, na siku moja nilimshukuru kwa mdomo akaniambia nibebe ngazi.

Basi, Baba, kazi ni yako. Mama nimemtumia maagizo mara mbili kwa ujumbe na mara mbili amenijibu kwamba hakuharibu kitu. Fundi wa Webuye ameahidi kuja kesho tangu wiki ya kwanza. Dada Nekesa angekuja kutoka Kitale lakini ana mtoto mchanga. Wewe umekaa na mashine miaka mingi kuliko sisi wote, hii haitakushinda.

Fanya mchana, Mama akiwa shambani. Vaa miwani. Kwanza toa kile kitambaa alichoishonea ruta. Najua ni kizuri, lakini mashine ile inapata joto na inahitaji kupumua. Igeuze uone mgongo wake. Mwanzoni kabisa kuna tundu dogo la duara, hilo ni la umeme, na kando yake kitufe cha kuwasha na kuzima. Waya ya umeme Mama aliirudisha sawa, maana taa zinawaka. Kuna kitundu kingine kidogo sana, kama kimetobolewa kwa sindano. Tafadhali, hicho msikiguse. Mama akikiona atataka kukisafisha kwa kijiti cha meno, na akikibonyeza ruta itasahau kila kitu ilichofundishwa, tuanze upya.

Sasa tazama yale ya manjano. Utakuta waya mbili zimechomekwa humo. Usibahatishe ipi ni ipi kwa kuangalia vichwa vyake, vinafanana kabisa na vinaingia popote, na hapo ndipo sisi wa nyumba hii tunapopotelea. Fanya ulivyonifundisha pale kwenye kinu cha kusaga posho cha Mzee Salim, Kitale, nilipokuja kukusaidia likizo za shule. Uliniambia nikichanganyikiwa na mashine nianze kwa injini, niufuate mkanda kwa macho mpaka kwenye jiwe, nisiruke mahali. Hapa pia anza kwa kinacholeta nguvu. Nenda dirishani, uishike ile waya ya kijivu inayoshuka kutoka kwa dishi. Ifuate kwa mkono. Inaingia kwenye kisanduku kidogo kilichopigiliwa ukutani juu ya kabati, Mama hakukifikia, nawe kiache. Kutoka kwenye kisanduku hicho inatoka waya nyingine ya kijivu inayokuja kwenye ruta. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Ile nyeusi nyingine ni ya televisheni, iache ilipo.

Kichwa cha waya kina ulimi mdogo wa plastiki. Ubonyeze kwa kidole gumba ndipo uvute, usiivute kwa nguvu kama mkia wa ndama. Kisha isukume kwenye tundu la buluu mpaka ule ulimi ujifunge. Watu wengine huambiwa wasikilize mlio wake. Wewe weka gumba juu yake tu, utauhisi. Ninakumbuka Mzee Salim alivyokuwa akishangaa, masikio yako yalipoanza kupotea, jinsi ulivyoweka kiganja kwenye kinu na kusema jiwe limelegea, na kweli likawa limelegea.

Ikishaingia, zima ruta kwa kitufe, hesabu mpaka hamsini, washa tena. Subiri muda wa maji ya chai kuanza kutoa mvuke. Mbele kuna taa yenye picha ya dunia, sasa hivi nadhani ni nyekundu. Itageuka kijani. Ikigeuka, chukua simu ya Mama, bonyeza picha yangu.

Nilisema nitarudi kwenye habari ya Webuye.

Najua kwa nini hutaki kuongea nami mbele ya watu. Ni kwa sababu unapaza sauti na huwezi kujua umeipaza kiasi gani. Nami najua ulijifunza wapi kuona haya, ulijifunza kwangu. Nilikuwa kidato cha pili, siku ya wazazi, umekuja moja kwa moja kutoka Kitale na unga bado kwenye nyusi. Uliliita jina langu kutoka langoni mpaka darasa zima likatoka kutazama, wakacheka, na mimi nikajificha nyuma ya maktaba. Ulinitafuta mpaka ukachoka. Uliponipata hukuniuliza kitu, ulinipa mkate na soda ukaenda zako, na kuanzia hapo ukawa unakuja shuleni na kusimama kimya. Sijawahi kukuomba msamaha. Nakuomba leo. Nisamehe, Baba.

Kile kinu kilikula masikio yako ili mimi nikae darasani. Ulikuwa unaziba na pamba, na pamba haikutosha, na Mama akikwambia uache unasema bado muhula mmoja. Ilikuwa bado muhula mmoja kwa miaka mingi. Leo mtu akinipa ramani ya waya za jengo la ghorofa ishirini naisoma, na sikuzaliwa na ujuzi huo. Ni wewe. Asante. Kwenye simu huwa nasema asante upesi upesi halafu tunaongea habari za mahindi, kwa hiyo nimeiandika hapa ambapo haiwezi kukatika.

Ijumaa

Jana niliiacha barua hapo juu nikaenda kulala, usingizi ukakataa. Niliisoma tena asubuhi. Nimeandika kurasa nzima nikikueleza namna ya kuunganisha waya ili upate kunijibu, na nikagundua kwamba mwezi huu wote nimekuwa nikikungoja wewe uniambie njoo, ili mambo yakienda vibaya liwe kosa lako. Hiyo si haki. Umebeba ya kutosha.

Kwa hiyo leo baada ya chai nilikwenda kwa Bwana Rajan nikamrudishia ile karatasi bila sahihi. Aliniuliza nitafanya kazi gani kwetu. Nikamwambia kuanzia Bungoma mpaka Kitale watu wanaweka ruta kila siku, na fundi wa Webuye bado anakuja kesho. Amecheka. Amesema nimalize kazi ya miezi miwili iliyobaki vizuri, naye ataniandikia barua ya kunisifu, na kuna vifaa vya zamani vya kupimia waya ambavyo nikivitaka nivichukue. Nimevitaka.

Nisalimie Mama, na umwambie sijakasirika, lakini usimwambie habari za tundu la buluu, mwache aamini intaneti ilirudi kwa maombi. Msalimu Nekesa na umbusu mjukuu wako kwa niaba ya mjomba. Ukifika Kitale, mwambie Mzee Salim mwenye kinu kwamba yule kijana aliyekuwa akimwaga pumba sakafuni sasa anashika mashine za bei kubwa. Salamu kwa akina mama wa kanisa, ingawa wao ndio chanzo.

Ukimaliza kazi ile, nitakuwa nimekaa hapa. Jumapili kuanzia saa tisa, na saa za huku ni sawa na za huko. Nikiona uso wako usinijibu lile swali. Jibu ulilotaka kunipa siku ile libaki lako, hata kama lilikuwa kwamba nikae. Ninachotaka ni uvae miwani, usogee karibu na kioo cha simu, na upige kelele kadiri unavyotaka, maana nitakuwa nimewaita wenzangu wote wa chumbani waje wamwone baba yangu.

Ni mimi mwanao, ninayerudi,

Wekesa