Shetani Sikumupa Jina

Siku ya kwanza, ni kusema Jumatatu. Butembo iko mu ukungu tangu asubuhi, mvua inakuja inaenda, na miye niko ndani na kitenge ku mabega, simu mu mukono. Sikuenda ku soko. Sikutaka kuona mutu. Na kusema kweli, hakuna mutu aliyeuliza niko wapi.

Bon. Niandike, hata kama hakuna mwenye kusoma.

Jana, kisha ibada, kanisa yetu ilionyesha filme mu salle, ile chumba kubwa ya mikutano. Filme ya zamani sana, ya wakati sinema haikukuwa na sauti: batu banafungua kinywa, hausikie kitu, kisha maandiko ya Kifaransa inatokea. Inasimulia kazi ya shetani tangu zamani mpaka leo, kwa hadisi ine. Anaingia kwa mufalme, kisha kwa bapadiri, kisha mu jeshi, na mwisho kwa mukulima mumoja na bibi yake. Hana pembe. Kila mara anakuja sawa mugeni muzuri, banamupa kiti.

Mwenye kutafsiri filme mu quartier yetu, mu mutaa, ameenda Beni kuangalia shamba yake ya kakao. Wiki iliyopita Pasteri akasema: "Mama Kavira atasoma. Ule mama iko na sauti." Sababu kule kwetu Mbau nilikuwaka nasoma matangazo mu kanisa. Ayi, nilifurahi sawa mutoto! Nikafua kitenge ya Pasaka, nikaipiga pasi.

Sababu ya ile furaha ninaiandika wazi. Siku bauaji balifika kwetu Mbau, miye nilikuwa Kyavinyonge, ku ziwa, kununua samaki ya kuuzisha. Bwana yangu na batoto balikuwa ku nyumba. Niliporudi, nilikuta batu banachimba kaburi. Tangu nilikimbilia huku, banasemaka: juu ya nini yeye peke yake hakukuwako? Nani alimuambia? Miye mwenyewe hakuna mwenye kuniuliza. Banaulizana, na nikifika ku bomba ya mayi banaanza kuongea juu ya mvua. Basi jana nilisema mu roho: bakisikia sauti yangu, batajua miye pia ni mutu.

Huku kwetu, mwenye kutafsiri filme hasomake tu. Anapatia batu ba filme majina ya batu ba quartier, ndio salle icheke. Usipofanya vile, batasema umelala. Donc mufalme nikamuita Kasereka, juu ya tumbo yake kubwa. Bote balijua ni Kasereka gani, na mwenyewe alicheka mpaka kofia ikaanguka. Bibi ya mukulima nikamuita Masika, kama mama moja wa korali, na korali yote ikapiga mikono. Ile wakati nilikuwa mwenyeji. Ilikuwa tamu, Mungu wangu, tamu sana.

Mais shetani sikumupa jina. Niliogopa. Jina ya mutu ikiingia mu kinywa ya batu, najua inafikaka wapi.

Salle ikaanza kunung'unika. "Na ule? Ule naye ni nani?" Mu hadisi ya ine, wakati shetani anaikala ku moto ya Masika, mwanamuke mumoja wa nyuma akapiga kelele: "Ule ni Kavira wa Mbau!"

Balicheka. Hapana bote. Mais balicheka.

Nikanyamaza. Na filme yenye haina sauti, mutafsiri akinyamaza, hakuna kitu inabakia. Picha iliendelea, shetani anaongea, na hakuna aliyejua anasema nini. Tulisikia mvua ku mabati. Pasteri aliangalia viatu yake. Nilitaka kutoka. Kisha nikajisikia ninasema: "Hapana. Huyu hana kwao, ndio maana anazunguka mu nyumba ya batu. Miye niko na kwetu. Kwetu ni Mbau, na kaburi ya batu bangu iko kule."

Nikaendelea kusoma mpaka mwisho. Masika anamukatalia, na shetani anatoka, anashika barabara peke yake. Nilimuhurumia. Pasteri anisamehe, mais nilimuhurumia.

Kisha batu balibeba ma-banc ya kuikalia, bakaenda. Hakuna aliyenisemesha. Nilirudi hapa nikalala na kitenge yangu ya Pasaka, bila kula. Nililia sana. Nilijiambia nilikosea kukubali, nilijiambia nihame. Mais nihame niende wapi?

Leo kisha midi, saa sita imepita, mulango ikagongwa. Mama Furaha, jirani yangu, tunagawana ukuta. Hatujapita "jambo" tangu nimepanga hapa. Alisimama inje na sahani ya maharagi, nikafikiri amekuja kuniambia bailleur, mwenye nyumba, anataka chumba yake.

Hakuingia. Akaniuliza tu: "Batoto bako, balikuwa banaitwa nani?"

Kwetu jina ya mutoto inasema alizaliwa wa ngapi. Ukiuliza majina, umeuliza nyumba muzima. Nikamuambia: Paluku. Kambale. Na Kahindo, musichana aliyekuja kisha bavulana. Tangu Mbau sijabataja kwa sauti, hata mu sala.

Mama Furaha hakusema pole. Alibataja polepole, mumoja kisha mwingine, sawa mutu anayejifunza. Paluku, Kambale, Kahindo. Kisha akaniachia sahani, sababu chungu yake ilikuwa ku moto.

Hakuniuliza nilikuwa wapi ile siku.

Sasa giza inaingia na niko peke yangu tena. Ninamusikia kwa ile upande ya ukuta, anagombeza batoto bake balale. Kesho asubuhi, akifungua mulango, ni miye nitamusalimia wa kwanza.