Rungu la Mjomba wa Mbula

Tawa,
9 Oktoba 1994

Kwa dada yangu Mutindi,

Pokea salamu zangu, nikitumaini zitakukuta hapo Voi ukiwa na nguvu, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi za hotelini. Sisi huku tuko wazima. Mvua bado, lakini mimi nimeshalima shamba lote la chini, na majirani wanasema nalima kama trekta. Sikuwatuma waseme. Mama anakula vizuri na anakuulizia kila jioni. Mbuzi wako mweusi amezaa watatu, lakini nilipohesabu tena walikuwa wawili.

Najua unalotaka kusikia ni habari za Mbula, kwa sababu watu wa Kikima walikufikishia habari kwamba binti yako yuko nyumbani na wenzake wa kidato cha tatu wako darasani. Ni kweli yuko hapa. Nilikuwa nikuandikie mapema, nikawa kila siku nasema kesho.

Ilianza na mchezo. Mwalimu mmoja wa kujitolea, mzungu kijana wa hesabu, aliwaachia wasichana mchezo wa kwao alipokuwa anaondoka. Hauna ubao wala karata. Mmoja anasimulia nchi ya kubuni yenye mapango na mazimwi, na wengine kila mmoja anakuwa shujaa. Anasema atafanya nini, halafu anarusha dadu kuona kama amefaulu. Kila shujaa ana silaha yake. Wenzake walichagua panga za kizungu zinazowaka moto. Mbula akachagua rungu langu ninalomsimulia tangu utotoni, lile ambalo ukilirusha linampiga adui kisha linarudi lenyewe mkononi. Nasikia hakuna zimwi lililoliweza, na nilipoambiwa hivyo, dada, kifua kilinijaa.

Lakini unajua mwaka huu makanisani hawahubiri kingine ila watu wanaoabudu shetani mashuleni. Matroni wa bweni aliwasikia wasichana wakinong'ona juu ya rungu linalorudi, akakimbia kwa mwalimu mkuu. Mbula akaeleza vizuri kabisa kwamba ni jambo la kubuni tu, amelitunga mwenyewe. Mwalimu mkuu akasema sawa, ila mzazi aje athibitishe. Kwa vile wewe uko mbali, nilienda mimi. Nilivaa koti.

Getini askari, mzee Ndululu, aliniuliza kama ni mimi mwenye rungu, akanipisha kiti chake. Ofisini nilimkuta mwalimu mkuu na mchungaji, na chai ya maziwa. Mwalimu mkuu, mtu wa digrii, akanisogezea sukari, akasema mtoto anadai hilo rungu amelitunga, je, ni hivyo? Dada, mimi niliishia darasa la nne. Hakuna mtu wa digrii aliyewahi kuniuliza jambo kisha akanyamaza kungoja jibu. Nikamwambia hapana, rungu lipo, na ni langu. Nikawaeleza nilivyomwangusha simba nalo kule Kibwezi, likarudi na manyoya. Nikawaeleza lilivyovuka mto Athi likarudi limelowa. Mchungaji akaacha chai yake. Nilidhani ananistaajabia.

Kisha wakamwita Mbula, wakamuuliza kama anayosema mjomba wake ni kweli. Na kwetu unajua mtoto hamkatalii ndugu ya mama yake mbele ya wageni. Neno langu kwake ni baraka au ni laana. Alinitazama kidogo. Angesema tu kwamba mjomba anapenda porojo, tungetoka pale na aibu ikawa yangu peke yangu. Akainamisha kichwa, akasema ni kweli. Basi wakamfukuza, kwamba anacheza na uchawi, na tena alidanganya aliposema ni kutunga.

Njiani hakunilaumu. Alisema tangu utotoni alijua ni uongo, na alinipenda nao hivyo hivyo. Afadhali angenitukana.

Jumatatu nilirudi shuleni peke yangu, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nilidanganya. Akatabasamu, akanishika bega, akasema anaelewa, mjomba yeyote angejaribu kumkinga mtoto. Nikaapa. Akaniambia nisijiongezee dhambi.

Sasa nakuomba uchukue ruhusa uje. Halmashauri ya shule inakaa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, na wakishakubali kufukuzwa kwake, Mbula hatafanya mtihani wa mwaka ujao. Mimi hawanisikii tena. Wewe watakusikiliza, kwa sababu ulikuwepo. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba rungu lile lilirudi lenyewe, na sijawahi kumtaja mtu. Tulikuwa tukichunga kule bondeni, mimi natupa, wewe unaingia kwenye miiba kulitafuta, unatoka miguu ikivuja damu, unaniwekea mkononi. Hata siku ile nilipojisifu kwa baba nawe umesimama hapo hapo, ulinyamaza, na mimi nikakuacha unyamaze.

Njoo uwaambie hivyo, jinsi ilivyokuwa. Mimi nitakaa nyuma karibu na mlango, na sitaongeza neno.

Mama anakusalimu sana. Mbula naye, ingawa hajui kama nimekuandikia. Wafikishie salamu wenzako wote wa jikoni.

Ni mimi ndugu yako,
Muthama