Nyasi Mbichi Kwenye Kiwanja cha Ndege cha Rugongo

Rugongo, karibu na Kishanda,
Muleba,
Kagera.
9 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Joanitha,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Shikamoo yako nimeisikia hata kabla hujaitamka, marahaba mwanangu. U hali gani huko Mtwara? Joto limekuzoea au bado mnagombana? Na wanafunzi wako, wanakusikiliza? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Consolata ni mzima, migomba inazaa mpaka tunaitegemeza kwa miti miwili miwili, na mimi mwenyewe ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo nitakueleza lilivyopatwa. Mama yako ni mzima sana. Huyo usimwombee afya, tuombee sisi tunaoishi naye.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikikupigia mama yako yuko karibu, ananinyang'anya simu na kuanza habari za kuku. Jirani yetu Mushumbusi anasafiri kesho kwenda Dar es Salaam, ameahidi kuikabidhi barua hii kwa dereva wa basi la Mtwara. Nataka habari hii uipate kwangu kwanza. Tangu Ijumaa ile nimepigwa na butwaa ambalo halijanitoka. Consolata anasema nakaa na kijiko mkononi mpaka uji unaganda.

Kiwanja chetu cha ndege unakikumbuka, ile njia ya moramu nyekundu juu ya rweya, ule uwanda wa nyasi ulikokuwa unachunga mbuzi. Wamisionari walikiacha, halmashauri ikakirithi, kisha mvua ikakikata katikati mpaka ndege ya madaktari wa macho ikakatazwa kutua. Mwaka jana halmashauri ikatafuta msimamizi wa kukifufua. Waliomba watu wenye vyeti, lakini walipofika kwenye akili wakanichukua mimi na darasa langu la sita. Kwa muda wa majaribio, walisema. Mimi sijawahi kuona jambo nikalijaribu, nalifanya tu.

Nilichokifanya pale hata wazungu hawajakifanya. Nimechimba mifereji pande zote mbili, maji sasa yanateremka bondeni kwa adabu. Nimepanga mawe na kuyapaka chokaa ili rubani aone kingo. Mfuko wa upepo, ule unaoning'inia kwenye mlingoti kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi, nimeushona kwa shuka jekundu la harusi yetu, na Consolata hajanisamehe. Lile dume la ng'ombe la Kagaruki lililokuwa linalala katikati ya njia kama limelipia, nililifukuza kwa filimbi tu, likakimbia hadi likaonekana Izimbya, wilaya nyingine kabisa. Kagaruki anasema lilikuwa kwa jirani. Kagaruki hajui mbio za ng'ombe wake.

Jambo moja tu lilinishinda, na kila mwezi nilimweleza Bwana Kamala, mhandisi wa halmashauri: watu wa Rugongo hawaji kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Napiga filimbi, natangaza kanisani baada ya ibada, nimevaa na reflekta yangu, lile koti linalong'aa, wanakuja wawili, na mmoja kaja kuniuliza kama nimemwona mbuzi wake. Kwa hiyo nyasi za pembeni zikaota mpaka kifuani. Ng'ombe akisimama mle humwoni, na rubani naye hamwoni.

Basi tukaambiwa mkaguzi anakuja. Anakuja kwa ndege, maana kutua kwenyewe ndiyo sehemu ya ukaguzi. Akiridhika, madaktari wanarudi na mimi napewa kazi moja kwa moja. Asiporidhika, kiwanja kinafungwa na halmashauri inapanda miti. Nimetembea wilaya nzima nikisema mimi ni mtu wa ndege, Joanitha. Hebu fikiria mimi nikiitwa mtu wa miche.

Nikamwendea mama yako kwa kuwa ndiye mkubwa wa kina mama wa kanisani. Nikamwambia, dada, mimi nitashughulika na ndege, mapokezi nakuachia wewe. Akaniuliza mgeni atakanyaga wapi kwanza. Nikamwambia atakanyaga kiwanjani, si anashuka kwenye ndege? Akasema sawa. Waitu, mimi nikaona tumeelewana.

Asubuhi ya Ijumaa nikaenda Muleba kumchukua Bwana Kamala kwa gari la halmashauri. Njia nzima nilikuwa namweleza jinsi atakavyokiona kiwanja chekundu kama kitambaa cha meza, na kingo nyeupe. Tukapanda kile kilima cha mwisho. Dereva akasimamisha gari bila kuambiwa.

Kiwanja hakikuwepo.

Bwana Kamala akaniuliza, "Mzee Rwekaza, kiwanja kiko wapi?"

Nikamwambia, "Kipo. Kimefunikwa."

Wewe umekaa mbali siku nyingi, lakini hujasahau kwamba kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye sakafu tupu. Unamtandikia nyasi mbichi za rweya, laini, zinazonukia mvua. Na zikishatandikwa haziondolewi mpaka azikanyage. Ukiziondoa kabla, ni kama umemwambia arudi kwao. Sasa mama yako alikuwa amewatoa wanawake alfajiri na mundu zao, wakakata nyasi kule bondeni, wakakitandika kiwanja chote cha ndege. Chote, Joanitha. Mwanzo hadi mwisho, na mawe yangu ya chokaa yamezikwa humo humo. Walikuwa watu elfu kumi, au niseme tu kwamba sijawahi kuona wanawake wengi vile nje ya mkutano wa kampeni. Wamekaa kwenye mistari miwili, vitenge vipya, wametulia kama wanasubiri bibi harusi.

Nikashuka nikakimbia. "Dada, umefanya nini?"

"Nimetandika. Si ulisema atakanyaga hapa?"

"Ndege ikigusa nyasi mbichi itateleza mpaka kwa Kagaruki."

"Ndege imetoka huko kote angani, ije ishindwe na nyasi? Toka hapo katikati, unazivuruga."

Nikapiga filimbi, nikawaamuru wote waziondoe. Hakuna aliyeinua hata kidole. Consolata, mke wangu wa ndoa, alikuwa mstari wa mbele, akatazama upande wa pili. Nikainama nikakumbatia mzigo wa nyasi mwenyewe, na mama yako akaja mpaka usoni kwangu.

"Shusha, Rwekaza. Unamfukuza mgeni hata hajafika. Baba angekuona leo angeficha uso."

Hapo ndipo tukasikia mlio. Ndege ikatokea upande wa ziwa, ikashuka, ikashuka tena, halafu ikanyanyuka ghafla ikatupita juu ya vichwa. Wanawake wakapiga vigelegele wakidhani inawasalimu. Ikazunguka, ikarudi, wakapunga kanga. Mimi niko katikati narusha mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki, mguu ukateleza, na goti likapata yaliyolipata. Nilipoinua kichwa ndege ilikuwa inaelekea Bukoba, ndogo kama senene.

Rubani alikuwa Kapteni Mehul, mjukuu wa marehemu Bibi Manorama aliyekuwa na duka la vitambaa pale Bukoba, kijana anayesema Kihaya kuliko watoto wa Muleba mjini. Baadaye aliniambia alichokiona kutoka juu: rweya tupu ya kijani, shuka jekundu limesimama peke yake, na watu wamepanga mistari wakishangilia kitu ambacho hakipo. Alimgeukia mkaguzi akamwambia, hapa pana ama harusi ama msiba, lakini kiwanja hapana.

Simu ya Bwana Kamala ikalia. Wametua Bukoba, wanakuja kwa gari. Akaniambia polepole, bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza, "Mzee, anza kuulizia miche ya misonobari." Nikachukua reki nikaanza kuondoa nyasi peke yangu, goti limevimba, na mji mzima umekaa ukinitazama. Bwana Kamala alikuja kunisaidia na viatu vyake vya ngozi, akateleza akarudi kukaa ndani ya gari. Mpaka gari la wageni linafika, nilikuwa nimesafisha sehemu inayotosha kuanika kahawa.

Mkaguzi anaitwa Bi Celina. Baba yake ni mtu wa Izimbya, lakini yeye amekulia Dodoma na Kihaya hakijui. Mfupi, viatu vizito, hacheki. Akasimama mwanzo wa nyasi akauliza, "Hii ni nini?"

Mimi nikaendelea na reki yangu. Mehul ndiye aliyemweleza kwa maneno machache kwamba hapa mgeni hutandikiwa, na kwamba aliyetandikiwa ni yeye.

Bi Celina akamtazama mama yako kwa mbali. Kisha akaingia kwenye nyasi na viatu vyake vile vile, taratibu asiteleze, akatembea katikati ya mistari miwili mpaka kwenye banda la abiria. Mama yako akampokea kwa mikono miwili. "Karibu mwanangu. Umetukawia, lakini umefika." Akamketisha, akammiminia chai.

Halafu mama yako akageuka akapiga makofi mara moja.

Niliyoyaona hapo nitayasimulia mpaka nife, na safari hii sitaongeza chochote. Wale wanawake wakainuka kwa pamoja. Nyasi zikakunjwa kama mkeka, zikafungwa mizigo, kila mmoja na mzigo wake wa kwenda kutandaza kwenye migomba yake, maana nyasi ni nyasi na kiangazi ndicho hicho kinaingia. Aliyekosa mzigo wa kutosha akaona zile za pembeni zilizoota mpaka kifuani, mundu anao mkononi, akazifyeka. Wengine wakafuata wakigombania. Wasichana wakapita na mifagio ya matawi wakifagia na kuokota kokoto. Chai ya mkaguzi ilikuwa bado inatoa moshi na kiwanja kimelala pale, chekundu, kingo nyeupe, pembeni pamenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi.

Bi Celina alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na kikombe chake. Akamuuliza Bwana Kamala, "Hawa ndio wale wasiokuja msaragambo?"

Bwana Kamala akaanza kufuta nyasi kwenye viatu vyake. Mimi nikasema wamebadilika leo, pengine kwa sababu ya hali ya hewa.

Akakikagua kiwanja chote, na haki yangu nitaisema: mifereji aliisifu. Alisimama juu ya mmojawapo akasema aliyeuchimba anajua maji. Mfuko wa upepo aliuvuta, akauliza kitambaa kimetoka wapi, Consolata akamjibu kabla yangu. Kesho yake asubuhi Mehul akaileta ndege, ikatua laini hivi kwamba vumbi lenyewe halikusumbuka kupanda juu. Nilijua tumepona. Nikavuta reflekta yangu vizuri nikasogea kupewa mkono.

Bi Celina akasema, "Kiwanja kinafaa. Madaktari waje. Lakini kiwanja cha nyasi na ng'ombe hakisimamiwi na mtu ambaye akiita watu hawaji." Akanipita kana kwamba mimi ni mlingoti, hapana, akampita kila mtu akasimama mbele ya mama yako. "Mama, ukiwaita hawa tena watakuja?"

"Waruhusu wachukue nyasi, watakuja mpaka uwachoke. Huyu alikuwa anawaita waje wafyeke, halafu hata zile chache zinazofyekwa anazichoma moto. Nani atakuja?"

"Basi msimamizi ni wewe."

Joanitha, nilitafuta mahali pa kushika. Nilishika bawa la ndege. Mwaka mzima nimechoma nyasi zile, na hakuna aliyeniambia kwamba ndizo walizokuwa wanazitaka. Nilipomuuliza Consolata kwa nini hakusema, alisema hakuna aliyemuuliza, nilikuwa napiga filimbi tu.

Mama yako akafunga kitenge chake upya. Nikadhani anatafuta neno la kunimalizia. Akasema, "Nakubali. Ila mimi nina shamba na kuku. Huyu mdogo wangu abaki. Anaujua upepo, na maji yanamsikia kuliko watu." Akasema hivyo mbele ya Bwana Kamala na mkaguzi, bila kunitazama. Mama yako hajawahi kunisifu tangu nilipobatizwa. Mshtuko wa kwanza ulikuwa bado haujatulia, huu wa pili ukanikalisha chini kabisa.

Madaktari wa macho walitua Jumanne iliyopita. Mama yako ameruhusu banda tu litandikwe nyasi, kiwanja hapana, na alilitangaza hilo mwenyewe kana kwamba ni wazo lake la tangu zamani. Watu walikuja wengi. Mimi nilisimama chini ya mlingoti nikamwambia mama yako upepo umegeuka, naye akawaambia watu wasogee, wakasogea. Mara moja tu, bila filimbi.

Nakuomba jambo moja. Akikupigia simu kukwambia amepata kazi ya serikali, shangaa kana kwamba hujasikia kwangu. Na akianza kueleza habari za msaidizi wake, mwambie mtandao unakatika.

Nisalimie mumeo na watoto, wale wanafunzi wako pia, waambie wana mjomba mwenye kiwanja. Consolata anakusalimu, Bwana Kamala anakusalimu, na Kagaruki naye, ingawa dume lake limerudi. Mungu akufunike huko uliko, akupe njia iliyo wazi kila unapotua, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako zote.

Ni mimi mjomba wako akupendaye sana,

Philbert Rwekaza
Msimamizi wa Kiwanja cha Ndege cha Rugongo,
siku mama yako anapokwenda sokoni.