Skrini Inasema Salama

Najat shoga! Leo nusura Loveness, mwenzangu wa kazini, afe, na mimi nilijua nikanyamaza.

Ile gesi ya sumu ya kupozea vyumba vya baridi pale kiwandani tunapofungasha pweza. Asubuhi nimeisikia harufu yake chumba cha kwanza. Nikamwambia bosi, kwa sauti yangu ileile ndogo. Akacheka mbele ya watu: "Wewe uliyeishia darasa la nne unabishana na kompyuta? Soma skrini ya kupimia gesi!" Skrini imeandika SALAMA. Nikanyamaza, Najat. Nikanyamaza!

Hazikupita dakika kumi, Loveness kaanguka humo ndani. Tumemburura nje macho yamegeuka. Sasa yuko hospitali, anapumua. Mumewe kaja mbio kutoka Pongwe, sikuweza kumtazama.

Asheri, fundi wa kompyuta, ndiye aliyetueleza. Programu ikitaka kupima chumba, kwanza inaita kipande chake cha kupimia. Kipande cha chumba cha kwanza kilikataa kufunguka, kosa likaandikwa kwenye ubao wa humo ndani ya kompyuta. Papo hapo cha chumba cha pili kikafunguka vizuri, kikaandika "hakuna kosa" palepale juu yake. Vyumba viwili, ubao mmoja! Programu ikija kusoma ya chumba cha kwanza, inakuta maneno ya chumba cha pili, inaandika SALAMA bila kupima chochote.

Asheri akasema, "Kila chumba kipewe ubao wake. Fungeni siku mbili nirekebishe."

Bosi akajibu, "Mzigo unaondoka kesho."

Kesho chumba cha kwanza ni zamu yangu. Wakati wa kutoka nimepita pale mlangoni kuchukua kanga yangu. Harufu ipo, shoga. Skrini imeandika SALAMA.

Niambie nisiende.