Kila Shati ni la Umuhoza

Yewe Trinah, bosi wetu hapa karakana ya ushonaji, Silvère, hayuko sawa.

Wiki iliyopita, kwenye simu ya video, Mholanzi mmoja anayenunua mashati yetu aliuliza nani kashona mikono ya mashati vibaya. Mafundi wote wakajibu, "Ni sisi."

Mzungu akataka jina moja. Silvère akalitaja. Yaani akalitaja, mbele ya wenzake: Umuhoza.

Mzungu wala hakukasirika, alitaka kumlipia mafunzo tu. Umuhoza akaweka mkasi mezani, akaondoka. Hajarudi.

Sasa Silvère akiuliza shati hili kashona nani, wanajibu, "Umuhoza." Liwe zuri, liwe bovu, "Umuhoza."

Leo kamuuliza fundi mpya, aliyeanza kazi asubuhi hii, hata hamjui huyo mama.

"Umuhoza," akajibu, bila kuinua macho.